Leso ya Bibi na Uduvi wa Horini

Enzi zetu, likizo haikuwa ya kulala sebuleni na simu usoni. Shule zikifungwa tu, mama alinitoa Mji wa Kale akanivusha hadi ng'ambo, kwa mamake, kwenye kijiji kidogo kando ya hori. Maji yakijaa yalifika karibu na jikoni. Yakipwa yaliacha tope jeusi la mikoko lenye harufu kali. Sisi tuliipenda, mtucheke mkitaka.

Wanawake wa vijiji vya huku na kule walitanda uduvi, wale kamba wadogo wadogo, kwa leso kuukuu. Waliingia wawili wawili, maji kiunoni, kila mmoja kashika pembe mbili, wakikokota polepole huku wakitaniana. Uduvi ule bibi aliupika kwa nazi na pilipili, nasi tukalamba vidole mpaka vikakauka.

Nilitaka kutanda, nikaambiwa mtoto wa mjini kazi yake kubeba ndoo. Iliniuma sana. Asubuhi moja bibi alipokwenda kisimani, nilifungua sanduku lake nikatoa leso mpya, moja ya zile mbili alizonunuliwa na mama kule Biashara Street kwa arusi ya Ijumaa. Mimi na Mwanaisha, msichana wa jirani, tukaingia majini. Kumbe leso mpya ina wanga, haipitishi maji! Ilijaa, ikatuburuta hadi kwenye mizizi ya mikoko, na chaza waliogandia hapo, makombe yao makali kama wembe, wakaipasua pindo kwa pindo. Uduvi, hata mmoja.

Nilirudi nikilia. Bibi aliitazama, akashika kiuno.

"Yailahi! Leso hutandiwa ikishafuliwa hata ikalegea, mwanangu."

Kisha akaitoa ile ya pili, akaifua kwa sabuni, akaipiga jiweni mpaka ikalainika. "Hii yako. Kesho twatanda mimi nawe."

Tukatanda. Ijumaa alikwenda arusini na leso ya zamani, na walipomuuliza mpya iko wapi, akajibu iko kazini. Sijapata kupendwa namna ile tena.

Siku hizi binti yangu anaujua uduvi wa pakiti, na akikanyaga tope anataka kupelekwa hospitali. Hori lina chupa za plastiki, lakini uduvi bado upo, na mikono yangu haijasahau kitu. Nitieni majini muone. Juzi nilishuka pale na leso iliyolegea barabara. Bibi ametangulia mbele ya haki, Mwanaisha yuko Uarabuni, na binti yangu alibaki garini akihofia viatu vyake. Nilisimama majini nimeshika pembe mbili, zile nyingine mbili zikielea.