Plagi Mfukoni mwa Aproni

Shemeji yangu huniambia mpaka leo kwamba nina kichwa kigumu. Nami humjibu kwamba kichwa hiki kigumu ndicho kilichomtoa mama yake nje, na hapo mazungumzo yetu huisha.

Tunaishi nje kidogo ya Kitengela, upande wa kuelekea Kajiado. Mimi ni mtoto wa kwenye mashamba ya majani chai, nimeolewa na Mmaasai, na mbele ya nyumba yetu nina chumba ninamouzia maziwa. Kila asubuhi akina mama huyaleta kutoka maboma ya karibu. Kwa wakwe zangu, ng'ombe ni wa mwanamume lakini maziwa ni ya mwanamke, na mwanamke hajibu swali la mtu kuhusu maziwa yake. Kwa hiyo friza yangu ikizimika, si mimi peke yangu ninayepata hasara. Nina wanawake kumi na mmoja wa kuwaangalia machoni.

Mwaka juzi mvua iliangusha nguzo ya stima huko bondeni. Siku ya pili bila stima, shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, akatuletea jenereta aliyokuwa akisukumia maji kwake. Ni mtu wa mkono wazi, sitamsingizia. Lakini pamoja na jenereta alileta waya alioutengeneza mwenyewe, wenye meno ya kuchomeka ukutani kwenye ncha zote mbili. Ncha moja iingie kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya jikoni, nyumba nzima iwake.

Nilikataa. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa stima, na waya wa namna ile ndio kitu pekee nilichowahi kumwona akikitupa motoni kwa hasira. Stima ukiiingiza nyumbani kwa mlango wa nyuma haibaki ndani ikakusubiri. Inatoka kupitia mita, inapanda nguzo, na yule aliyepanda kurekebisha waya uliokatika, akidhani umekufa, anaukuta uko hai. Anaanguka, na wewe huku unatazama televisheni. Nilimwambia shemeji hivyo hivyo. Akasema yeye ametumia waya ule mwaka mzima na hajaua mtu. Nikachukua koleo nikaukata katikati mbele yake.

Jioni hiyo mume wangu, ambaye huendesha lori na alikuwa safarini, alinipigia simu akiwa ameshaambiwa. "Huyo ni kaka yangu mkubwa," akasema. "Si ungengoja nirudi?" Nikamwambia maziwa hayangoji. Friza nikaiunganisha moja kwa moja na jenereta kwa waya mnene, na nyumba ikakaa na taa za sola.

Lakini hiyo ilikuwa nusu ya vita. Shemeji alitaka jenereta ikae stoo. Nje kuna wezi, akasema, na kuna mvua. Wezi wapo kweli, hilo siwezi kubisha. Ila stoo yetu inapakana na chumba cha mama mkwe, na ukuta unaotenganisha vyumba hivyo haufiki kwenye mabati. Nilisema jenereta haitanguruma stoo hata kwa dakika moja. Itakaa uani, mbali na kila dirisha, bomba lake la moshi likiangalia malishoni, chini ya mabati manne juu ya vigingi, bila kuta.

Hapo ndipo Yeyo, mama mkwe wangu, alipocheka. Alizaliwa katika nyumba ya udongo na samadi, isiyo na dirisha la kupitisha mkono, moto katikati. Mpaka leo huchoma kijiti cha mzeituni wa porini na kukisugua ndani ya kibuyu ili maziwa yakae vizuri. Kwake moshi ni sabuni, ni dawa, ni harufu ya nyumbani.

"Enkerai," akaniambia, kwa maana mimi ni mtoto wake, "moshi haijawai ua Mmaasai."

"Yeyo, hii si moshi," nikasema.

"Ni nini?"

Nikakwama. Nilijua ninachokiogopa lakini sikuwa na jina lake. Gesi? Gesi kwetu ni mtungi wa kupikia. Sumu? Sumu ni ya panya. Nikatafuta neno la heshima, lile wanalotumia redioni, nikasema, "Ni hewa chafu."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa jenereta inachafua hewa? Iko na tumbo?" Yeyo naye akafuta machozi kwa ncha ya shuka. Nilicheka kidogo ili nisionekane nimenuna, lakini nilikuwa nimenuna. Nilikuwa nimeshindwa kwa sababu ya neno, na neno lenyewe la ushuzi.

Nilishikilia neno langu hivyo hivyo. Siku mbili jenereta ilikaa uani. Niliipima oili ikiwa mahali tambarare, nikaizima na kuiacha ipoe kabla ya kuongeza petroli, na shemeji akinikuta nikingoja ipoe alikuwa akiuliza kama nataka pia kuifunika blanketi.

Siku ya tatu nilikwenda Kajiado kununua madebe ya maziwa. Mvua ikanichelewesha. Niliporudi alasiri nilisikia mngurumo kutoka barabarani, na kabla sijafika getini nilijua unatoka wapi. Ulikuwa umezibwa, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa mdomo. Shemeji alikuwa amepita, akaona mvua inanyesha kwa upande chini ya mabati yangu, akaiingiza stoo, akafunga mlango kwa kufuli na kwenda zake.

Yeyo alikuwa ameketi chumbani kwake, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi, kibuyu mapajani. Uso wake ulikuwa na wekundu mzuri mno kwa siku ya baridi. Nikamsalimia, "Takwenya." Hakuitikia "Iko" kama kawaida. Alisema kichwa kinamgonga, akaonyesha kile kijiti cha mzeituni kilichozimika miguuni pake. "Labda hii mti ni mbichi," akasema. Akajaribu kusimama na miguu ikakataa.

Sikumbuki kama nilimbeba au nilimburuta. Nakumbuka matope uani na mvua usoni mwake, na kwamba nilikuwa namgombeza, mimi mkaza mwana namgombeza mkwe wangu, nikimwambia apumue, apumue tu. Kisha nikavunja kufuli la stoo kwa jiwe, nikashika pumzi, nikaizima jenereta. Jirani akaleta gari. Hospitalini daktari alimtazama, kisha akanigeukia. Kabla sijaeleza lolote akauliza, "Nyumbani kuna jenereta?" Nikalia hapo hapo, kwa hasira kuliko kwa hofu.

Walimwekea oksijeni, akalala huko siku mbili. Mimi nilirudi nyumbani, nikaiburuta jenereta uani, nikaichomoa plagi, ile inayotoa cheche, na kuitia mfukoni mwa aproni. Shemeji alikuja akaiomba. Akasema atatoboa dirisha stoo. Nikasema hapana. Akasema maziwa yataharibika. Nikasema yaharibike. Wale wanawake kumi na mmoja niliwaeleza mwenyewe, mmoja mmoja. Maziwa yakaganda, nikayauza kama mala, na yaliyobaki yakaenda kwa mbwa. Mume wangu aliporudi na kuniuliza plagi iko wapi, nilimwambia iko mahali panapomweka mama yake salama.

Yeyo aliporudi alitaka kuketi uani. Shemeji alikuwepo, ameinamisha kichwa, akieleza tena habari za wezi, kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba ni kwa sababu ya wezi tu. Yeyo alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mimi, "Hiyo kitu ulishindwa jina, iko na harufu?"

"Hapana, Yeyo."

"Inaonekana?"

"Haionekani."

Akamgeukia mwanawe. "Basi hiyo ndiyo mwizi. Wewe uliogopa mwizi, ukamfungia ndani na mimi."

Hakuna aliyecheka. Niliitoa plagi mfukoni nikamkabidhi shemeji, na ni yeye aliyechimbia vigingi vipya siku ile, akaifunga jenereta kwa mnyororo kwenye kigingi mbali na nyumba, na kuteremsha mabati upande wa mvua. Fundi alikuja baadaye akatuwekea swichi ya kubadilishia, ili stima ya jenereta na ya nguzoni zisikutane kamwe. Kila Jumamosi naiwasha jenereta kidogo isije ikalala na petroli ya zamani. Sasa hakuna anayeniuliza kwa nini.

Stima ikipotea, Yeyo hatulii mpaka aulize kutoka chumbani kwake, dirisha wazi hata kukiwa na baridi, "Mwizi ako wapi?"

Na shemeji akiwepo, ni lazima ajibu yeye. "Ako nje, Yeyo."