Nura Arudi Jukwaani

Kwa miaka mingi, harusi ya Waislamu wa Bujumbura haikuonekana imefana kama Nura hakuimba. Kisha akanyamaza. Watu waliambiwa amekwenda Kigoma kwa shangazi yake, kumbe alikuwa hospitalini, amekatwa titi la kushoto. Mumewe, Mazin, alitaka jambo hilo libaki ndani ya nyumba.

Alipopona, Nura alirudi kukaa katika duka lao la vitambaa. Hapo ndipo Consolée, mwalimu wa kwaya katika mtaa wa Kinanira, alipomkuta siku alipokuja kutafuta kitambaa cha sare. Kwaya yake ilikuwa inaandaa tamasha la kuwachangia madaktari wanaotafiti kansa ya titi, na kuwahimiza wanawake wapimwe mapema.

Nura aliweka mkasi chini. "Kitambaa nitakupa bure, mama. Lakini na mi nataka kuimba."

"We, Nura wa harusi?" Consolée alimshika mikono yote miwili. "Karibu sana. Répétition, mazoezi yetu, ni kesho."

Mazin aliyasikia hayo. "Apana, Nura. Watu watasema nini?"

"Watasema niliugua, nikapona. Si ni kweli?"

Mazin akarudi kukunja vitambaa. Siku ya tamasha alimpeleka kwa gari, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango.

Ukumbi ulifurika mpaka watu wakasimama madirishani. Nura alipanda jukwaani, na alipotoa sauti tu, vigelegele vikampokea. Alipofika ubeti wa pili umeme ukakatika. Kipaza sauti kikafa, kinanda kikanyamaza. Wapiga ngoma wakamtazama. Akawapa ishara waendelee, akaimba kwa sauti yake tupu, na kwaya ikamwitikia nyuma yake.

Wimbo ulipokwisha, alisogea mbele. "Sikuwa Kigoma," alisema. "Nilikuwa na kansa. Walinikata titi, na leo niko hapa naimba."

Kisha Mazin akainuka kule nyuma. Akapita katikati ya viti vyote, akamtunza mkewe kama watu wanavyomtunza mwimbaji harusini: noti juu ya paji la uso, kisha ndani ya beseni la mchango lililokuwa miguuni pake. Macho yake yalikuwa yamelowa. Watu wakamfuata kwa kusukumana, wenye kanzu na wenye tai, na wapagazi wa bandarini wakicheza njia nzima.

Prudence, muuguzi aliyekuwa anapima wanawake katika chumba cha pembeni, alikuja mbio jukwaani. Mstari wa waliosubiri kupimwa ulikuwa umefika nje barabarani.

"Dada, usiache kuimba," alimnong'oneza. "Wanaogopa. Wakikusikia, hawatoki kwenye mstari."

Nura akacheka, akajifunga kanga kiunoni, akawageukia wapiga ngoma.

"Ongezeni mwendo," akasema.