Kiti Nje ya Turubai

Kikombe kile kilitugharimu maturubai manne, sauti yangu, na nafasi ya msichana mmoja ambaye hata hakuwa wa chuo chetu. Nimehesabu mara mbili. Maturubai na sauti nimeshasahau. Hilo la tatu bado linanishtua.

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Garissa upande wa Waberi, Mkuu wa Chuo alinikabidhi mipira miwili ya kikapu, mmoja hauna pumzi. Akasema, "Wavulana wana timu. Wasichana nao wanataka. Wazazi wamekubali, ila uwanja uzungushiwe turubai na mwanamume asiingie."

"Na mimi kocha?"

"Kwani wewe ni nini, mwanamke?"

Tulivutana mpaka adhuhuri. Nilitaka kuingia, nikapata kiti. Kiti cha plastiki, nje ya turubai, kinatazama barabara.

Hapo ndipo nilipofundishia miaka yote. Kazi ilikuwa ya masikio. Kudunda, yaani kuugonga mpira chini huku unakimbia, kuna sauti yake: mdundo wa chini na wa haraka, mchezaji anajua kazi, mdundo wa juu, ataporwa. Nyavu za ringi zetu zilikuwa za minyororo, kwa hiyo kila kikapu kilisikika, na nilijua kimeingia ringi ya upande gani. Nikipaza sauti, "Fardosa, unadunda juu!" nahodha wangu alijibu kutoka ndani, "Macalin, umenionaje?" Macalin ni mwalimu kwa Kisomali; ndivyo walivyoniita. Wavulana wakipita walinicheka: "Mwalimu, unakochi kwa redio?"

Wapinzani wetu walikuwa chuo cha ng'ambo ya mji. Bajeti ya vyuo viwili ilitosha kikombe kimoja tu, basi wakuu wakakubaliana pointi za wasichana na za wavulana zijumlishwe. Wavulana wetu walinuna. "Tunabebeshwa mizigo," walisema.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa na Mkuu mpya. Aliniita mbele ya Fardosa. "Kikombe kikienda ng'ambo tena, timu ya wasichana basi. Maturubai yatafunika mahindi ya jikoni." Fardosa hakulia. Aliomba mipira ijazwe upepo.

Wasichana walicheza asubuhi. Minyororo ililia sana upande wetu. Nikahesabu, nikarudia, hesabu mbili zikakataa kulingana, kwa sababu sikio halitofautishi kikapu cha pointi mbili na mtupo huru, ule wa baada ya faulo, wenye pointi moja. Fardosa akatoka akihema. "Tumewafunga, macalin. Ishirini na tisa juu!"

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

Baada ya alasiri wavulana wetu, wenye maneno yao yote, walifungwa kwa pointi ishirini na saba mbele ya mji mzima. Kikombe kikawa chetu kwa pointi mbili. Mkuu wa chuo cha ng'ambo akaja kwenye meza ya waamuzi, mikono kiunoni.

"Hizo ishirini na tisa nani aliziona? Waamuzi wa asubuhi ni wanawake wa chuo chenu, meza yenu, turubai lenu."

"Nilizisikia," nikasema.

"Warya! Wewe bwana, tangu lini pointi zinasikika? Haya, apia idadi yake."

Uwanja ulicheka, wavulana wetu wakiwemo. Mimi ninayebishana bei ya mbuzi mpaka muuzaji ananiomba radhi, nilizirudia zile hesabu mbili kwa vidole. Singeweza kuapia hesabu isiyolingana. Nilimwona Fardosa akitazama turubai kama mtu anayeaga.

Ndipo akaja msichana mrefu, hijabu ya kijani, kijani cha chuo chao. Alikuwa Hodan, nahodha wao.

"Mkuu, walitufunga ishirini na tisa. Wallahi. Nilikuwa ndani."

"Hodan, kaa!"

"Nitakaa, adeer," akamwita ami kwa heshima. "Lakini tulifungwa."

Tulipewa kikombe, na hakuna aliyejua kama apige makofi.

Wiki iliyofuata jina lake lilitolewa kwenye timu. Nilivuka mji kwenda kumwombea. Mkuu wake alininywesha chai vikombe viwili na hakulegea hata kidogo. Nikiwa natoka nikamkuta Hodan langoni.

"Macalin, acha kujisumbua. Timu ya Fardosa imebaki?"

"Imebaki."

"Basi."

Sasa nimestaafu, magoti yananidai kila kukicha. Juzi simu ikalia: ni Hodan, ni mwalimu huko Takaba. "Macalin, nimeanzisha timu ya wasichana. Wazazi wametaka turubai, limepatikana. Nyavu ni za minyororo. Na kiti chako kipo."

Nitakwenda, inshallah, hilo halina mjadala. Mjadala ni kikombe. Kimo kabatini ofisini kwa Mkuu, kimechorwa jina la chuo chetu, na mimi nataka kukibeba mpaka Takaba, nimpe Hodan. Mkuu wa sasa anasema ni mali ya chuo. Nimefanya biashara ya maneno maisha yangu yote, lakini hapa nashindwa hata pa kuanzia. Nyinyi walimu vijana mnaonisoma, nishaurini: kitu kama hicho, ninamtajia Mkuu bei gani ya kwanza?