Duara la Mbolea

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ni ile nilipokaribia kuiunguza miche ya kahawa ya mama yangu kwa sababu tu ya kuona haya.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kijiji chetu chote cha Masoko kilijua, maana sikumficha mtu. Nilikuwa na daftari la Kiingereza. Nachagua neno moja, naandika chini yake maneno yote yanayopenda kuandamana nalo. Neno nililolimudu zaidi lilikuwa duara. Chora duara, nusu duara, duara kamili, duara la marafiki, kuzunguka duara mpaka ulipoanzia: yote hayo niliyaimba kwa Kiingereza nikiosha vyombo, na mama alisikiliza akiwa ameridhika kabisa. Hakuelewa hata moja, lakini ndiye aliyeuza ndizi mpaka nikasoma.

Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa. Kahawa haikununuliwa tena na ushirika peke yake. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, na mbolea ya bei nafuu ya serikali haikuonekana tena. Mnunuzi mmoja akaleta miche, kopo la mbolea ya chumvichumvi kwa kila mkulima, na mtaalamu wa Kizungu asiyejua Kiswahili. Mkalimani wake aliugua njiani. Mama akanisukuma mbele.

"Mwanangu Tumpe yupo," akasema.

Mtaalamu alisimama shambani kwetu, akasema mengi. Katika mengi hayo nilishika duara, tena lile la kuchora, nikafurahi kama niliyekutana na ndugu stendi. Yaliyofuata yalinipita yote. Ningeweza kumwomba arudie, lakini majirani waliokusanyika walikuwa wananitazama, na mimi ndiye msomi.

"Anasema mmwage mbolea kwa duara," nikatangaza, "mzungushe kwenye shina."

Mama hakungoja. Akainama, akaanza kumwaga, punje zikigusa shina lenyewe. Mche wa kwanza, wa pili, wa tatu. Upande wa Mlima Rungwe wingu lilikuwa limeshaanza kushuka.

Ndipo jirani yetu Tata Ambokile, mzee aliyekuwa ameegemea jembe lake, akaniita kwa sauti ya chini.

"Tumpe, mwanangu. Mzungu kasema maneno debe zima, wewe umetupa kikombe. Mengine umeyaweka wapi?"

"Ni hayo hayo, Tata."

"Mm. Muulize tena. Mvua haijui kwamba wewe umesoma."

Masikio yaliniwaka. Nikamgeukia mtaalamu, nikamwambia kwa Kiingereza cha kukatakata kwamba sikuelewa. Hakucheka. Alipoona alichokuwa akifanya mama, alipiga magoti upesi, akapima shubiri moja kutoka shinani, akachora duara kwa kidole kwenye udongo. Kisha akazigusa punje za shinani, akatikisa kichwa, akanieleza polepole mpaka nikashika. Zikilowa pale, zinaunguza mizizi michanga. Hilo ndilo lililonipita.

Mama nami tulifukua kwa kucha, tukazisogeza punje hadi kwenye ule mstari. Tulipomaliza mche wa mwisho, tone la kwanza likaniangukia shingoni. Nilicheka mpaka nikatokwa machozi, kwa jinsi moyo ulivyotua. Mama hakunisema. Alimgeukia mzee tu: "Ndaga, Tata." Shukrani ilikwenda inakostahili. Miche yote ilishika, na mingine ndiyo hiyo uliyochuma wewe mwenyewe mwaka huu.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa kuwa kesho unaanza kazi kwenye kiwanda cha chai. Utasikia mengi usiyoyajua, na watakuita msomi. Kuuliza si ujinga, walisema waliotutangulia. Mimi naongeza kidogo: ujinga ukiufunika, anayeungua ni mwingine, na mara nyingi ni yule aliyekuamini. Daftari langu halikuwa baya, bado ninalo. Ila kujua maneno ishirini hakumalizi kazi. Sema "hapa sijaelewa" mapema, punje zikiwa bado kavu.

Nenda salama. Mungu akuweke karibu na mtu wa kukuuliza kama Tata Ambokile, na siku utakayokosea, mvua ikungoje umalize kufukua.