Wivu kwa rafiki yangu ulinifanya ninywe ashwagandha juu ya dawa ya tezi

Wakuu, habari za mchana.

Nakaa Mbuya, Kampala. Kiswahili changu nilikiokota kambini, baba alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo ngeli zikigongana mnivumilie. Haya yamenipata mwenyewe na mengine ni aibu tupu, lakini chumvi siongezi.

Nina ugonjwa wa tezi ya shingo, ile thyroid. (Siyo tezi ya wazee wa kiume, msianze.) Yangu ni mvivu, haitoi homoni za kutosha. Kila asubuhi nameza kidonge cha levothyroxine na maji matupu, tumbo likiwa halina kitu. Huu mwaka wa tano.

Kidonge kinasaidia, ila ule mwili wa zamani sijauona tena. Uso umejaa, nywele zinakatika, ikifika saa nane mchana nasinzia mbele ya wateja.

Nauza nguo za watoto za mtumba pale soko la Owino. Kibanda cha jirani ni cha Hadija, mtu wa Lubaga, rafiki yangu wa miaka mingi. Umri wetu mmoja.

Mwaka jana Hadija akaanza kunawiri. Ngozi inang'aa, marobota anayaburuta mwenyewe, anacheka na kila mtu. Wateja wangu wananisalimia vizuri sana, halafu wananunua kwake.

Siku moja mume wangu akaja kunichukua. Akamwangalia Hadija, akasema, "Huyu mwenzako anarudi usichana, wewe unaongezeka tu."

Alikuwa anatania. Nikacheka naye. Utani ule ulinichoma wiki nzima.

Nikamwuliza Hadija siri yake. Hakuficha. Kijiko kimoja cha unga wa ashwagandha kwenye maziwa, mzizi wa Kihindi, unamtuliza stress na analala vizuri.

"Basi nigawie kidogo."

Akakataa. "Mama Opio, wewe una dawa ya tezi. Muulize daktari wako. Mimi sina ugonjwa huo, sijui utakufanyia nini."

Mtu mwenye akili zake angeshukuru. Mimi nilisikia choyo. Nikasema moyoni, huyu hataki nipendeze.

Nikaenda upande wa pili wa soko kwa mama mmoja muuza mitishamba. Hakuniuliza kama naumwa, nami sikusema. Mzizi tu, nikajiambia, mzizi utamdhuru nani? Na kwa kuwa nilitaka kumpita Hadija, siyo kumfikia, nikawa naweka vijiko viwili, asubuhi na jioni.

Wiki ya tatu sketi zikaanza kulegea. Kusinzia kukaisha. Mume akasema nimependeza. Wakuu, nilikuwa napita mbele ya kibanda cha Hadija bila shida yoyote, naenda narudi, anione tu.

Mikono ilianza kutetemeka nikitundika nguo. Jasho likawa halikauki, moyo unadunda hata nikiwa nimekaa. Nikasema hizo ndizo nguvu zenyewe.

Jumamosi moja, saa sita mchana, namvisha mtoto wa mteja koti, moyo ukaanza kukimbia ovyo. Macho yakaingia giza. Nikaanguka juu ya nguo.

Aliyeninyanyua ni Hadija. Aliacha kibanda wazi, siku ya wateja wengi vile, akatafuta gari, akanipeleka kliniki kichwa changu kikiwa mapajani mwake.

Daktari, mama mmoja mpole, akauliza, "Ukiacha kidonge cha tezi, kuna kitu kingine unatumia?"

"Hakuna."

Nilidanganya kwa sababu Hadija alikuwa amesimama pale. Daktari akauliza tena. Hadija akanitazama, akatoka nje, akafunga mlango.

Hapo nikasema yote.

Daktari akanieleza kwamba ashwagandha inaweza kuisukuma tezi itoe homoni zaidi. Ukichanganya na kidonge, zinazidi, na moyo ndio unaoumia. Kipimo cha damu kikaonyesha hivyo hivyo. Kule kupungua nilikokuwa naringia sokoni kulikuwa ugonjwa.

Akaniambia niache unga, nisiguse dozi ya kidonge bila yeye, na nirudi kupima damu baada ya wiki sita. Mmea wowote nikiutaka, nimpelekee kopo lake kwanza alione.

Nje nikamkuta Hadija kwenye benchi. Nikamwambia, "Niliununua kwingine."

"Najua. Nilikuona ukitoka kwa yule mama."

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Ungenisikia?"

Nikakaa naye kwenye benchi, wakuu.

Damu yangu sasa iko sawa. Kilo zimerudi, zote. Na nisiwadanganye, wivu haujaisha. Juzi Hadija amekuja na gomesi mpya, lile gauni la heshima la Kiganda, na roho imeniuma palepale. Lakini sasa nikiona wivu namwambia Hadija mwenyewe, tunacheka, naendelea na kidonge changu.

Nilichojifunza: dawa ya mwenzako inajua mwili wa mwenzako. Na daktari hawezi kukuokoa na kitu ulichomficha.

Wenye tezi humu, mitishamba mnayokunywa, daktari wenu anaijua? Semeni ukweli, hata kama ni wa aibu. Mimi nimeanza.