Viroba Visivyorudi

Matrida alikuwa mteja wangu mgumu kuliko wote, na nasema hivyo nikiwa nampenda. Wengine wananiandikia kwenye simu, "Mama Kulwa, niletee mboga nzurinzuri," halafu mboga zikifika wananuna. Matrida aliandika: nyanya nane za kadiri, mbili ziwe bado hazijaiva, vitunguu fungu moja, visiwe vimeanza kuota, dagaa makopo mawili, wa Mugango kama wapo, wasiwe na mchanga. Halafu chini kabisa: bei nitumie kabla hujanunua.

Kazi yangu ni oda. Niko sokoni Musoma mjini. Kama huna muda wa kuja, unaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, nazunguka kwa niaba yako, najaza kapu lako, boda anakuletea mlangoni, na safari inayofuata ananirudishia kapu. Nilianza na majirani wanne wa Kamunyonge. Sasa wateja wamefika sitini, na jioni miguu yangu inanipa taarifa zao wote.

Matrida ni mpimaji wa maabara kwenye zahanati moja ya watu binafsi. Jumatatu hadi Jumamosi saa saba mchana yuko pale anatoboa watu vidole. Mumewe ni dereva wa malori, nyumbani anaonekana kwa msimu kama mvua, na watoto wao wawili bado wako shule ya msingi. Siku aliyojiunga na kundi alinipigia simu, hakuandika.

"Mama Kulwa, tuelewane mapema," akasema. "Mimi kwako sinunui nyanya. Nanunua Jumamosi yangu."

Nilicheka, lakini yeye hakuwa anacheka. Kila Jumamosi akitoka kazini alikuwa anapita sokoni, na kwa kuwa mshahara wake ni wa kubana, alizunguka meza hadi meza akitafuta fungu lililozidi kwa nyanya moja. Saa nne zinaisha hivyo. Akifika nyumbani na mizigo, gari la mwisho la kumwezesha kulala Kibara limeshaondoka. Kibara ndiko kwao, kule ufukweni mwa ziwa, wilaya ya Bunda, na mama yake, Bibi Nyamburi, anaishi huko peke yake tangu mzee afariki. Ukitoka Musoma saa nane, ukabadilisha gari Bunda, jua linazama ukiwa umekaa jikoni kwa mama. Matrida alikuwa hajakaa jikoni humo mwaka mzima na zaidi.

"Nimemkumbuka mama mpaka nguo zangu nazisikia zinanuka moshi wa jiko lake," aliniambia. "Nazifua, bado nasikia."

Basi tukaanza, na lazima niseme mwanamke yule alikuwa na akili. Orodha yake haikubadilika wiki hadi wiki isipokuwa vitu viwili, kwa hiyo hakuwa anakaa kufikiri. Aliituma Alhamisi, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi bei zinapanda. Viazi alichangia debe na majirani wawili wakagawana. Biskuti alizifuta kabisa, maana watoto hawakuwa naye sokoni kumvuta gauni. Ndani ya mwezi mmoja kazi ya saa nne ikawa ya dakika kumi, na matumizi hayakuongezeka hata ukiweka nauli ya boda. Nilimsifu kwenye kundi mpaka wengine wakamwonea wivu.

Jumamosi ikapatikana. Ya kwanza akafua nguo zilizokuwa zimerundikana. Ya pili ilikuwa kikao cha wazazi shuleni. Ya tatu, bosi wake wa zahanati akaona kumbe huyu siku hizi hakimbilii popote, akamwomba ashike zamu ya mchana, mara moja tu. Pesa ilikuwa inahitajika, akashika. Hiyo mara moja tu ikawa kila Jumamosi.

Nilimchemkia. Nikamwuliza, hivi mimi nazunguka juani ili wewe ukatoboe vidole zaidi? Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba amepata wazo: kama yeye hawezi kwenda Kibara, vitu vinaweza kwenda.

Kuanzia hapo akawa na makapu mawili kwangu. La kijani la kwake, jekundu la mama yake. Kila baada ya wiki mbili nilijaza lile jekundu: sukari, mchele, mafuta, sabuni, nyanya, kitunguu. Linapanda gari hadi Kibara, na huko Maige, boda jirani yake Bibi Nyamburi, analipokea na kulifikisha. Mama anakula, mtoto yuko kazini, hakuna aliyepoteza muda. Tuliona tumeweza.

Tatizo likawa kapu kurudi.

Kwetu, jirani akikuletea kitu kwenye bakuli, unaliosha bakuli, unaweka chochote ulicho nacho, hata kama ni chumvi, ndipo unarudisha. Marehemu mama yangu kule Butiama hakuwahi kunirudishia sufuria tupu hata siku moja. Asipokuwa na kitu anaweka ndimu mbili. Kwa hiyo kapu jekundu lilirudi na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Safari ya pili lilirudi na furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Lakini kapu likirudi mtu lazima akalipokee stendi, na konda anasema niko karibu wakati hata Bunda hajatoka. Safari ya tatu Matrida alisimama stendi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tano, Jumapili, ibada ikampita, kumbe kapu limesahauliwa Bunda.

Alikuja kwangu amewaka. "Mama Kulwa, kuanzia leo weka kwenye kiroba. Kile cha unga, cha kutupa. Kikienda kimeenda, kisirudi."

Na mimi nilikubali. Tena nilisema hilo ndilo wazo, tumechelewa wapi! Akampigia mama yake nikiwa pale pale.

"Mama, siku hizi natuma kwenye kiroba. Usirudishe kitu, sawa? Usihangaike kabisa."

"Haya," mama akasema.

Baada ya siku ile Bibi Nyamburi akawa na maneno machache. Matrida akipiga simu kuuliza, anajibiwa, vimefika, asante. Zamani alikuwa anasimulia mpaka salio linakatika. Matrida aliniuliza mara mbili kama nadhani mama amenuna. Nilimwambia wazee wana siku zao, nikaendelea kupanga nyanya.

Mwezi wa kumi dagaa wakaadimika Musoma, nikaamua kuwafuata Kibara mwenyewe. Nikabeba na kiroba cha Bibi Nyamburi. Na kwa kuwa siendi kwa mtu mzima mikono mitupu, nilikaanga maandazi nikayaweka kwenye kindoo changu cha mfuniko. Maige alinifikisha mpaka uani.

Nilimkuta anachambua choroko. Mwanamke mrefu, macho ni ya Matrida kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiyo Mama Kulwa?"

"Ndiyo mimi."

"Kumbe ndiyo wewe unanilishaga."

Nikamwambia hapana, ni Matrida, mimi natumwa tu.

"Matrida anaandikaga," akasema. "Kuchagua unachagua wewe. Hizo nyanya umeshika wewe. Sasa mimi asante yangu naipeleka kwa nani?"

Alinikaribisha ndani, akapokea maandazi, akaniwekea chai. Nikaona chumba cha pili mlango uko wazi, na kamba imevutwa ukuta hadi ukuta. Juu ya kamba vilikuwa vimening'inia viroba vyangu. Nilivitambua, mimi ndiye huwa navichagua. Vimefuliwa vikawa vyeupe, kila kimoja kimefungwa mdomo kwa utepe wa kitenge, na kila kimoja kilikuwa na kitu ndani. Nilihesabu kumi na kimoja.

"Hivi vyote, mama?"

"Kikija natoa vitu, nakifua, nakianika, naweka na mimi cha kwangu. Nikishafunga ndiyo nakumbuka nimekatazwa."

"Mama, hakukukataza. Matrida alikuwa anakupunguzia kazi."

"Kazi gani?"

"Hiyo ya kurudisha."

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgeni. "Hiyo haikuwaga kazi, mwanangu. Ndiyo kitu pekee nilikuwa nimebaki nacho cha kumpa."

Nilijisikia vibaya mpaka chai ikanishinda. Nikamwambia anipe vyote, navipeleka leo hii, gharama ni yangu. Akakataa. Akasema vikienda na gari vitamchelewesha tena, si anachelewa huyo? Vikae hapo. Mwenye navyo anajua njia. Niliaga haraka, machozi yakiwa karibu, na kindoo changu nikakisahau.

Habari kama hiyo huiandiki kwenye simu. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwake Kamunyonge, nikamkuta Matrida anapiga pasi sare za watoto. Nikamweleza yote, kamba, utepe, na maneno ya mama yake neno kwa neno. Akaisimamisha pasi.

"Kumi na moja?"

"Kumi na kimoja."

"Mbona hajaniambia?"

Hapo nilishindwa kujizuia. "Angekuambia saa ngapi, Matrida? Unampigia dakika mbili, unauliza vimefika au havijafika, kama unaongea na konda."

Akalia. Alilia kwa sauti, yule mwanamke wa nyanya nane za kadiri, mpaka watoto wakaja kuchungulia. Akasema alidhani anamtunza mama yake. Nikamwambia ulikuwa unamtunza, na hilo ni kweli, na lilikuwa halitoshi, na hilo pia ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesifu kiroba.

Alhamisi orodha haikuja. Ijumaa haikuja. Jumamosi, saa saba na dakika ishirini, nikamwona Matrida mwenyewe anaingia sokoni. Watoto amewaacha kwa jirani. Amemwambia bosi kwamba zamu ya mchana yeye hashiki tena, atafute mtu mwingine. Akaniomba kapu jekundu, akaanza kuzunguka.

Alichagua nyanya moja moja. Anashika, anageuza, ananusa, anarudisha. Kwenye vitunguu alibishana na muuzaji mpaka nikaona aibu. Kwa kazi ambayo mimi nafanya robo saa, yeye alitumia saa nzima, na mimi nikimfuata nyuma natazama simu.

"Matrida, gari litakuacha."

"Likiniacha lipo la saa tisa," akasema, akaokota nyanya nyingine.

Alipanda lile la saa tisa. Alitakiwa kurudi Jumapili, akarudi Jumatatu mchana, akakatwa mshahara wa siku moja. Jioni ile ile alikuja kwenye meza yangu, na nguo zake zilinuka moshi wa kuni kweli kweli. Akakaa juu ya debe, akanisimulia.

Alifika usiku umeingia. Mama yake alipokea kapu kwa mikono miwili, akatoa nyanya moja, akaigeuza geuza kwenye mwanga wa taa, akasema hii umechagua wewe. Kisha akateremsha viroba. Havikufunguliwa vyote kwa pamoja. Kila kimoja kilikuwa na habari yake. Michembe hii ni ya wiki mvua ilipong'oa bati la jiko. Karanga hizi ni za siku aliyozikwa shangazi yako mdogo, hukuja, nikasema ana kazi. Dagaa hawa nilianika siku ile ulipopiga simu ukasema una haraka. Vingine vilikuwa vimeingiwa na wadudu, na mama akavifungua hivyo hivyo, akasimulia, akavifunga. Jumapili yote ikaishia hapo. Gari la mchana likapita, la jioni likapita.

Vilipofika vinane mama akasimama, akavirudisha vitatu kwenye kamba.

"Nikamwambia, mama, bado hivyo," Matrida akasema. "Akaniambia, hivi utavikuta."

Nikamwuliza ataenda lini. Akasema Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na oda yake ya Kamunyonge ataendelea kunitumia Alhamisi kama kawaida, ila Kibara nisipeleke kitu tena, anapeleka mwenyewe.

Alipoinuka kuondoka akafungua begi, akanitolea kindoo changu.

"Mama anasema ulikisahau."

Kilikuwa kimesuguliwa kwa majivu mpaka kinang'aa, mfuniko umefungwa kwa utepe wa kitenge. Nilidhani ni kitupu, nikakipokea kwa mkono mmoja, kikanivuta chini kwa uzito. Ndani kulikuwa na choroko, zimechambuliwa moja moja, hakuna jiwe. Na juu ya choroko, ndimu mbili.

Mama yangu tumemzika Butiama, huu ni mwaka wa tatu. Kila wiki makapu sitini yananirudia matupu, nayapanga, najaza tena, na sikuwahi kujua kwamba ninasubiri kitu ndani yake. Nililia pale pale mezani, wateja wakinitazama. Mmoja akaniuliza nyanya bei gani, nikashindwa kumjibu.