Mtafuna Majani

Kabla pikapu ya muuza majani haijafika getini, uani huanza kunukia jua la wiki iliyopita. Muuza majani hushuka bila haraka, akapenyeza mkono katikati ya robota la majani hadi kwenye kiwiko, akapapasa kama kuna unyevu, kisha akachomoa ujani mmoja mrefu na kuutafuna, macho kayafumba. "Siuzi nisichoweza kula," humwambia mama mwenye farasi, naye mama hucheka kila mara.

Leo mama hakucheka. Farasi wake mzee hajatia kitu kinywani, siku ya tatu hii. "Rudi nayo tu, baba. Hayana mlaji." Muuza majani aliingia bandani, akachuchumaa juu ya mabua mbele ya farasi, akaanza kutafuna polepole, ujani ukining'inia mdomoni. Vumbi la majani lilielea kwenye mwanga wa dirisha, hata mama akahisi banda zima linaelea nalo. Farasi akashusha mdomo wake laini, akaunusa ujani ule, akaikamata ncha ya pili. Mama akataka kusema neno. Muuza majani akainua kidole, meno yake hayajaachia.

"Taratibu, mama," akanong'ona. "Tuko mezani."